Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu: tunaposema "ni kosa", tumesimama wapi?

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mtumba, Dodoma. Na kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, Dar es Salaam.

YAH: SOMO LA MAADILI NA SWALI LA "KWA NINI"

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Salamu hiyo nimeichagua makusudi. Zamani kiongozi akipanda jukwaani alikuwa na kazi kabla ya kazi. Asalaam aleikum, unaitika upande mmoja. Tumsifu Yesu Kristo, unaitika upande wa pili. Bwana Yesu asifiwe, wanaitika waliobaki. Na kule pembeni yupo Mhindu wa Kisutu, au mzee mmoja anayetambikia mizimu ya kwao, amekaa kimya anangoja zamu isiyofika. Tangu 2021 tumepata salamu ambayo uwanja mzima unaijibu kwa mkupuo mmoja, "Kazi iendelee". Wapo wanaoicheka. Mimi naipenda, na barua hii mwishowe inahusu salamu hiyo, yaani pale tunapoweza kuitika wote tukiwafundisha watoto kwa nini jambo ni kosa, ingawa itazunguka kidogo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali hapa Temeke. Nilisomea Historia, na mtaala mpya ulipoanza kuingia madarasani 2024, nikaja kukabidhiwa Historia ya Tanzania na Maadili. Ni Mwislamu, mtoto wa Tandika, nimelelewa na bibi. Nayasema haya mapema msije mkafika katikati ya barua mkadhani mmeandikiwa na mtu aliyemtupa Mungu.

Kilichonikalisha kuandika kilitokea kituoni Mbagala Rangi Tatu. Ilikuwa jioni, ile saa ambayo daladala ikisimama watu wanaingilia madirishani. Kijana mmoja akakwapua simu ya dada aliyekaa kiti cha dirishani. Mwizi! Mwizi! Hakufika mbali. Nilipojipenyeza, alikuwa chini kando ya mtaro, shati limechanika, kiatu kimoja hakipo, damu inamtoka puani inachanganyika na maji machafu. Niliyoyasikia pale nimeyaandika siku hiyohiyo usiku, kwa hiyo sikumbuki kwa kubahatisha. Baba mmoja mtu mzima, anapiga teke huku akisema, "Mungu kakataza wizi kwenye vitabu vyote!" Konda mmoja, sarafu bado ziko kiganjani, akasema, "Mnyama huyo. Mnyama hafundishwi." Wa tatu hakuhubiri chochote. Aliuliza tu nani ana petroli, na dereva mmoja wa bodaboda akainama kwenye pikipiki yake, mkono kwenye mpira wa mafuta.

Mama ntilie wa pale kituoni akaja na mwiko wake, ugali bado umeganda mwikoni. Akasimama juu ya yule kijana, mguu mmoja huku na mwingine kule, kama mtu anayevuka maji. "Ana mama huyu? Nauliza, ana mama au hana?" Kimya. "Haya. Nani anakwenda kumwambia?"

Hakuna aliyejibu. Yule wa bodaboda akainuka taratibu. Watu wakaanza kukumbuka safari zao. Simu ikaonekana, kioo kimepasuka, na mwenyewe akasema kwa sauti ndogo kwamba hakuna aliyemuuliza kama alitaka mtu achomwe moto kwa ajili yake.

Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba kifuani. Sikusema neno. Na nina shahada ya ualimu.

Wanafunzi wangu watatu walikuwepo, wamevaa sare. Kwa hiyo nilipoingia darasani Jumatano na andalio langu la somo linalosema "Umuhimu wa maadili katika jamii", nililiweka pembeni nikaandika ubaoni: Kwa nini kuiba ni kosa? Majibu yakamiminika. Mungu amekataza. Utafungwa. Utapigwa. Utamwaibisha mzazi. Si chako. Binti mmoja wa mstari wa pili, ambaye huwa hasemi mpaka umtaje jina, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na Mungu asingekataza, tungeiba?" Darasa likacheka. Sikucheka, maana sikuwa na jibu tayari. Kabla sijalipata, akaongeza: "Na kumpiga yule mwizi, nani kakataza?"

Mwajua uongozi wa shule hufanya nini mambo yakifika hapo. Waliitwa viongozi wa dini wawili, sheikh na mchungaji. Walizungumza vizuri, bila kurushiana vijembe, wote wakatuusia kumcha Mungu. Sina neno nao. Ila tulipokuwa tunatoka, mmoja wa wale watatu wa kituoni akanipita akisema, si kwa ufedhuli, kama mtu anayejisemea: "Waliompiga nao wanamcha Mungu."

Tangu siku hiyo nimejaribu kufanya kile ambacho kiongozi cha mwalimu, kile kitabu cha kutuelekeza kufundisha, hakinisaidii, yaani kulifuatilia swali la yule binti mpaka kwenye mizizi yake. Nimekuta si lake peke yake. Mwanafalsafa Sokrates aliuliza swali la namna hiyo Athene yapata miaka 2,400 iliyopita: jema ni jema kwa kuwa limependwa huko juu, au limependwa huko juu kwa kuwa ni jema? Ukishika upande wa kwanza, wema unakuwa amri tupu, na siku mtu akija na amri nyingine akasema nimetumwa, huna pa kumkatalia. Ukishika wa pili, basi wema una miguu yake, na unaweza kuuliza juu yake hata mbele ya mtu asiyesali kwenu.

Na msifikiri ni ubishi wa Wazungu. Masheikh wetu walibishana hilohilo Basra na Baghdad zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Muutazila, kundi la wanazuoni wa Kiislamu wa wakati huo, walisema akili inaweza kuujua uovu wa dhuluma hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, kushuka. Abu al-Hasan al-Ash'ari, aliyekuwa mwenzao kisha akawahama, akasema hapana, zuri ni lile Mungu aliloliamrisha. Sisi Waislamu wa pwani, wafuasi wa madhehebu ya Shafi kwa wingi wetu, tumerithi upande wa al-Ash'ari bila hata kujua kwamba palikuwa na pande mbili. Kwa Wakristo nako, mwanateolojia Thomas wa Akwino katika karne ya 13 alifundisha kwamba sheria ya Mungu imepandwa katika maumbile ya mwanadamu na akili inaweza kuisoma humo. Mtume Paulo alikwisha kuwaandikia Warumi, sura ya pili, juu ya watu wasio na torati ambao sheria imeandikwa mioyoni mwao. Kurani nayo, sura ya 91, inasema nafsi imefahamishwa uovu wake na ucha Mungu wake. Na kila aliyepita madrasa amesikia hadithi ya mtoto kuzaliwa katika fitra, yaani maumbile yake ya asili.

Kwa hiyo nikisikia semina ikitangaza kwamba lazima tuchague, maadili ya Mungu au maadili ya maumbile, najiuliza nani kawaambia dini zetu zimekubali mgawanyo huo. Zimeyakaribisha maumbile sebuleni zamani. Wanachogombania wanazuoni wake ni kipi kikae kiti cha mbele.

Lakini maumbile nayo yasipewe cheo yasichokiweza. Mwenzangu wa Baiolojia, ambaye dini yake sijawahi kuijua na sijawahi kumuuliza, anaamini kwamba huruma tumeirithi kwa babu zetu wa kale walioishi kwa kubebeana watoto. Huenda. Anapenda mifano ya hapahapa nyumbani, kwa hiyo tulikwenda pamoja mpaka Gombe, kwa maneno, kwenye meza ya ofisi ya walimu, katikati yetu kuna chapati mbili na maharage. Mtafiti Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe wa Gombe, Kigoma, 1960. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu ulimwacha yatima sokwe mdogo wa miaka mitatu, aliyepewa jina la Mel. Hakuwa na ndugu wa kumchukua. Dume kijana, Spindle, asiye na undugu naye wa karibu, akambeba mgongoni, akagawana naye chakula, akalala naye kiota kimoja. Mwenzangu akisimulia hilo macho yanamng'aa.

Sawa. Ila Gombe ileile, kati ya 1974 na 1978, kundi la Kasakela liliwavizia madume wa kundi la Kahama, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaisha. Na hawakuwa wageni. Walikuwa wamekua pamoja, wamechambuana manyoya, kundi moja lililogawanyika. Nenda Serengeti: dume jipya la simba likiteka kundi huwaua watoto wa dume lililofukuzwa, majike wawe tayari kupandwa mapema. Hayo nayo ni maumbile. Maumbile ni Kariakoo, Waheshimiwa. Unachokwenda kukitafuta utakipata, na muuzaji atakuapia kwamba ndicho halisi. Konda wa Rangi Tatu alikipata chake. Spindle anatuonyesha kwamba huruma inawezekana kwa kiumbe mwenye damu. Hatuambii kwa nini tumfuate yeye tuwaache wa Kasakela. Hapo lazima tuwe tumekuja na kipimo chetu mfukoni.

Hata ulimi wetu unatusaliti kwenye hili. Tukitaka kumshusha mtu kabisa tunamwita mnyama, maana yake maumbile ni chini, ni mahali mtu anapoporomokea akiacha utu. Dakika tano baadaye tukitaka kulaani jambo tunasema ni "kinyume na maumbile", maana yake maumbile ni juu, ndiyo kipimo. Yote mawili kwa kinywa kimoja. Nimewasikia wanafunzi wangu wakifanya hivyo, nimewasikia wabunge, na nimejisikia mwenyewe.

Na lile neno tunalolipenda, mmomonyoko wa maadili. Ni neno la Jiografia. Udongo humomonyoka kwenye mteremko mvua ikinyesha na miti imekatwa. Miaka nenda rudi tunauliza nani kakata miti: simu, tamthilia, mavazi, wazazi wako bize. Sijaona mtihani ulioomba mtoto achimbe aone udongo wenyewe umelalia mwamba gani. Mtihani unasema: Eleza athari tano za mmomonyoko wa maadili. Mwaka jana aliyeongoza darasani kwangu kwa swali hilo, alama zote, ndiye niliyekuja kumbaini kwamba alipiga chabo kwa jirani yake. Niliitazama ile karatasi muda mrefu. Zilikuwa athari tano kweli, na zimepangwa vizuri.

Basi mwamba upo wapi? Nitawaambia nilipoukuta, na ni mahali ambapo ninyi wenyewe mmeapa kupalinda.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri hii ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inaacha imani na ibada kuwa hiari ya mtu binafsi na kuziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Sensa zetu hazijatuuliza dini tangu 1967. Lakini nchi hiyohiyo inaimba "Mungu ibariki Afrika" kila gwaride, na sioni kama kuna ugomvi hapo. Sasa someni ibara ya 12. Binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Kisha ibara ndogo ya pili: kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Utu, kwa jina lake, ndani ya sheria mama. Azimio la Arusha la 1967 lilianza vilevile: binadamu wote ni sawa, kila mtu anastahili heshima. Hakuna "kwa sababu Mungu kasema", hakuna "kwa sababu ndivyo tulivyoumbwa". Na wakumbukeni walioyapitisha hayo. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa misa kila siku, na wenzake wengi waliomlea kisiasa hapa Dar walikuwa wazee wa kanzu na kofia wa Kariakoo na Gerezani. Wangeweza kukesha wakibishana msingi wa usawa umetoka wapi. Wakauweka mezani usawa wenyewe, kila mmoja akaenda nao kwake kuutafutia mizizi kwenye kitabu chake.

Najua jibu la mjanja. Atasema: na hiyo Katiba nani kasema? Karatasi inaweza kurekebishwa. Kweli kabisa, na binti wa mstari wa pili atauliza hivyo kabla yenu. Nitamjibu kwamba mimi binafsi naamini utu wa mtu unatoka kwa aliyemuumba, na ndiyo maana nikiwa peke yangu usiku wa manane bado naona aibu. Mwalimu wa Baiolojia atamjibu kivingine. Miaka minne tunabishana kuhusu unakotoka, na hatujawahi hata siku moja kubishana kama yule kijana wa mtaroni anao. Darasa la serikali linahitaji hapo tunapokutana. Tunapoachana pana vipindi vya dini, pana TAMSYA ya wanafunzi Waislamu na UKWATA ya wanafunzi Wakristo, pana misikiti na makanisa, tena jirani jirani.

Yule mama ntilie sijui anasali wapi. Alivaa mtandio, lakini Mbagala kila mama anavaa mtandio. Hakumtaja Mungu na hakutaja maumbile. Aliuliza swali ambalo kila aliyekuwepo, pamoja na mimi, alikuwa na jibu lake na hakuweza kulitamka kwa mdomo. Nyumbani bibi yangu alikuwa na namna hiyo. Nikimnyima mwenzangu kitumbua, haniambii nitachomwa motoni. Anasema, "Muangalie usoni unapomnyima." Nilikuwa nakigawa. Mungu alimtaja kila siku, asubuhi na jioni, lakini kwenye kitumbua alitaka nimwangalie mtu.

Ninachowaomba si kitabu kipya. Kiongozi cha mwalimu kitupe ruhusa ya wazi kuuliza "kwa nini" na kukaa na swali kipindi kizima bila mkaguzi kuandika kwamba mada haikukamilika. Kitutolee visa, tena vya mitaani kwetu, vyenye pande zinazouma, badala ya orodha za sifa njema zinazokaririwa kama majina ya mito. Baraza la Mitihani lipate namna ya kumpima mtoto anavyofikiri juu ya jambo gumu. Wanasahihisha insha za Kiswahili kila mwaka, uwezo wanao. Ibara ya 12 iwe mlango wa kuingilia somo hili, si mada ndogo ya Uraia inayopitwa kwa dakika kumi. Na shule ikipata msiba wa kimaadili, mgeni wa kwanza kuitwa asiwe mhubiri peke yake. Siku ile nilitamani aitwe yule mama na mwiko wake. Nilipolipendekeza kwenye kikao cha walimu, walicheka kama wanafunzi wangu.

Mtaniambia walimu hatujaandaliwa kwa mijadala ya namna hiyo. Hatujaandaliwa, ndiyo. Mimi mwenyewe nilisimama kituoni na mkoba kifuani. Tupeni mafunzo kazini ambayo hayaishii kwenye posho na picha ya pamoja. Kuna suala la fimbo pia, kwamba kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne na mimi nafundisha utu huku mwenzangu chumba cha pili anahesabu mpaka sita. Hilo ni barua nyingine, nikipata ujasiri.

Karibuni darasani. Kipindi changu ni Jumatano, kile cha baada ya mapumziko, mkondo B. Wako 91. Viti havitoshi ila mgeni hakosi, mtakaa nyuma karibu na dirisha lililotoka kioo, panapita upepo. Binti mwenye maswali yake yupo mstari wa pili. Yote mawili nimeyaandika nyuma ya daftari langu la maandalio. La pili nadhani naanza kulijibu. La kwanza bado halijapata alama ya vema.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili,
Temeke, Dar es Salaam